Sura ya Sita: Aliye Chini ya Mfereji

Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba umetoka Bombo, huenda akakupa pole ya mgonjwa, kwa kuwa Bombo aijuayo yeye ni ile iliyo kando ya bahari, yenye hospitali kuu ya mkoa. Walakini Bombo ninayoiandikia mimi iko mbali na pwani, katika Milima ya Upare ya kusini, wilaya ya Same, mahali ambapo alfajiri ya mwezi wa Julai ukungu hushuka hata mtu asimwone ng'ombe aliyemfunga mwenyewe, na ambapo bahari hujulikana kwa masimulizi zaidi kuliko kwa macho. Baina ya Bombo na bomba pana herufi moja tu. Na kwa kuwa sura hii ni ya bomba, tena bomba lililolazwa chini ya bahari ili kuchukua majitaka ya mji mkubwa, msomaji ana haki ya kuuliza ni jambo gani lililomtia mtu wa milimani katika shauri la watu wa pwani. Lililonitia ni mfereji. Machache niyajuayo juu ya maji niliyajua kwanza kando ya mfereji, na siku niliposimama katika ufuko wa Dar es Salaam, nikaelezwa kwamba chini ya mchanga ule hupita uchafu wa nusu ya maofisi ya mji, nilitafuta kile ambacho kila Mpare hukitafuta aonapo maji yanakwenda, yaani nani yuko chini.

Swali hilo lataka tafsili. Milima yetu, ambayo kilele chake ni Shengena chenye urefu wa meta 2,463 kutoka usawa wa bahari, hupokea mawingu yanayokuja na pepo za baharini, na msitu wa Chome huzihifadhi mvua zake kama mama mwenye nyumba ahifadhivyo akiba ya unga, akizitoa kidogo kidogo kwa vijito. Vijito vya upande wa mashariki huteremkia bonde la Mkomazi, na Mkomazi huungana na mto Pangani, na Pangani huishia katika Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina hilo hilo. Lakini kabla ya safari hiyo kwisha maji hayaachwi yapite bure. Wazee waliyakinga kwa ndiva, ambayo ni bwawa dogo la udongo na mawe. Jioni huzibwa ili lijae usiku, wakati mashamba yamelala, na asubuhi huzibuliwa ili kila mwenye zamu apate sehemu yake kwa mfereji. Ndiva ya Manoo kule Bangalala, upande wa magharibi wa milima, imepata hata kuandikwa na wataalamu wa ng'ambo. Nyingine nyingi hazina sifa hiyo, na kazi yake ni ile ile.

Aliyeiona ndiva ikizibuliwa hasahau. Mlinzi huinama, hupapasa tundu kwa mkono, huvuta, kisha huruka pembeni. Na maji hutoka kwanza meusi, yamebeba majani yaliyooza na tope la chini, halafu hugeuka rangi ya chai, halafu hung'aa. Mtoto aliyetumwa kungoja mwisho wa mfereji hupiga ukelele yanapomfikia miguuni, na ukelele huo ndio stakabadhi ya mapokezi, hapana karatasi nyingine. Gema la mfereji likibomoka, shamba la chini hukauka siku ile ile, na mwenye shamba hupanda juu na jembe begani na maneno kinywani. Ndipo msaragambo huitishwa, watu hutoka nyumba kwa nyumba kwenda kuziba na kuzibua, na asiyetokea hutozwa faini. Hivyo mfereji una walinzi wengi kuliko yule aliyechaguliwa, maana kila aliye chini humwangalia aliye juu, na kila aliye juu ajua kwamba anaangaliwa.

Sasa na tushuke mjini. Dar es Salaam, ambayo Seyyid Majid wa Unguja aliianzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na ambayo Wadachi waliifanya makao yao makuu mwaka 1891, iliishi muda mrefu kwa mashimo na mifereji ya wazi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliwakuta wakazi 69,277. Ya mwaka 1957 ikawakuta 128,742, karibu mara mbili. Ni katika zama hizo za mwisho wa utawala wa Waingereza ndipo mabomba ya majitaka yalipotandazwa chini ya barabara za katikati ya mji, yakaongozwa hata ufukoni upande wa mlango wa bandari, na kutoka hapo bomba moja likaingia baharini kwa mwendo wa kiasi cha kilomita moja. Hesabu ya mwaka 2022 ilizikuta roho 5,383,728 katika mkoa mzima. Wala tusidhani kwamba wote hao hulitumia bomba hilo. Walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi kwa miaka mingi, wameishi kwa vyoo vya shimo na makaro, na magari ya kunyonya majitaka hubeba ya kwao hata kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Bomba la baharini ni la Kariakoo, la Upanga, la maofisi na mahoteli ya katikati. Yaani, watu wa bomba ni wachache, na aghalabu ndio wale ambao maisha yao yako mbali kabisa na mahali linapoishia.

Wako wanaolisema bomba la namna hii kana kwamba ni kutupa taka nyuma ya ua wa jirani. Kusema hivyo si insafu, kwa sababu waliolibuni walikuwa na hikima yao. Majitaka, pamoja na uchafu wake wote, karibu yote ni maji matamu, na maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa hiyo yakifunguliwa katika kina kirefu, kwa matundu mengi madogo yaliyopangwa ubavuni mwa bomba, hupanda juu kama moshi wa kibatari, na katika kupanda huko hujichanganya na maji ya bahari hata sehemu moja ikapotea katika sehemu mia na zaidi. Kilichobaki huachiwa chumvi, jua na mkondo wa bahari, ambao katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ukienda mbio zaidi wakati wa kusi na kupoa wakati wa kaskazi. Shauri lote limesimama juu ya mambo matatu, kina, umbali na wingi wa matundu. Na bomba likivunjika karibu na pwani, yote matatu huondoka kwa pigo moja, maana majitaka hutoka mahali pafupi, karibu na watu, kwa tundu moja kubwa. Hayo ndiyo yaliyolipata bomba la Dar es Salaam, ambalo taarifa za wataalamu zimelieleza kwa miaka kuwa limekatika pasipo mbali na ufuko, hata maji ya bamvua yanapokupwa, harufu huyatangaza yale ambayo macho hayajayaona.

Bomba huzeeka kwa pande mbili. Kwa ndani, majitaka yaliyokaa bila hewa hutoa hewa ya kiberiti, ile yenye harufu ya yai viza; hewa hiyo hupanda kwenye dari ya bomba pasipofikiwa na maji, na huko vijidudu huigeuza kuwa tindikali, ikala saruji na chuma kutoka juu kuelekea chini, hata bomba linaloonekana zima likawa kama mwanzi uliotobolewa na mdudu. Kwa nje ipo chumvi, ambayo haina haraka wala haina likizo. Yapo mawimbi yanayoondoa mchanga chini ya bomba hata likabaki limening'inia kwa uzito wake. Na zipo nanga, maana mlango wa bandari ni mahali pa vyombo, na nahodha mgeni aliyepatwa na upepo mkali hatafuti ramani ya majitaka kabla hajatupa nanga yake. Ajabu ni kwamba ajali hizo zote hutokea kimya. Bomba la maji safi likipasuka, mtaa mzima hupiga kelele siku ile ile. Bomba la majitaka likipasuka chini ya bahari, choo cha ghorofa ya tano huvuta maji kama kawaida, na mwenye choo hulala usingizi wake.

Nilimsimulia mambo haya mzee mmoja wa kwetu, ambaye katika ujana wake alikuwa akigawa zamu za maji, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "hilo bomba mwenyewe ni nani?"

"Ni la mamlaka ya maji, baba."

"Hilo ni jina la ofisi. Mimi nauliza, likibomoka, ni nani atakayepanda na jembe?"

Sikuwa na jibu.

Kulibadili bomba kuukuu la baharini ni kazi yenye adabu kubwa kuliko ya kulilaza la kwanza, kwa sababu lile la kwanza lililazwa kwa ajili ya mji uliokuwa haujalizoea, ilhali hili la pili linalazwa huku mji ukiendelea kuoga na kwenda chooni bila kupumzika hata saa moja. Kwanza hupimwa sakafu ya bahari: zamani mabaharia walipima kina kwa bildi, risasi iliyofungwa kwenye kamba, na siku hizi hupimwa kwa sauti inayopigwa kutoka chomboni ikarudi kama mwangwi, lakini haja ni ile ile ya kujua wapi pana mwamba, wapi pana mchanga, na wapi mchanga unahama. Kisha huamuliwa kama bomba jipya litapita ndani ya lile la zamani, kama upanga katika ala, jambo lililo rahisi lakini lenye kupunguza upana wake, ama litalazwa kando yake katika njia mpya, na la zamani liachwe likifanya kazi hata siku ya kuhamisha maji.

Mabomba mapya aghalabu ni ya plastiki nzito, nyeusi, ambayo chumvi haiwezi kuila wala tindikali haiwezi kuitafuna, na kuungwa kwake ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Ncha mbili hukabilishwa katika mashine, huchongwa kwa kisu kinachozunguka hata zikawa laini kama meno ya mtoto, kisha kati yake huingizwa sahani ya chuma yenye moto wa nyuzi zaidi ya 200. Fundi hangojei kwa kubahatisha, hutazama saa. Plastiki ikianza kutokwa na jasho na kuvimba, huiondoa sahani kwa haraka na kuzisukuma ncha zikabiliane, na penye kiungo huchomoza pete ya plastiki pande zote, iliyojikunja nje kama midomo miwili iliyofumbwa. Kiungo hicho kikiachwa kipoe bila kuguswa huwa na nguvu sawa na bomba lenyewe. Kikiguswa mapema, aibu yake haitaonekana leo, itaonekana chini ya bahari baada ya miaka.

Vipande vikishaungwa vikawa nyoka mmoja wa mamia ya meta, ncha zake huzibwa akiwa na hewa ndani, akavishwa vizito vya saruji kama shanga shingoni, na kwa sababu ya hewa hiyo huelea pamoja na mzigo wake wote. Hungojewa maji mafu na asubuhi isiyo na upepo. Matishali humkokota mpaka juu ya njia yake. Kisha maji huingizwa polepole kutoka upande wa pwani, huku hewa ikitolewa upande wa pili kwa kipimo, naye huanza kuzama akiwa amejipinda, sehemu moja imelala chini, sehemu moja imesimama katikati, na sehemu moja bado inaelea. Hapo ndipo moyo wa msimamizi husimama, kwa maana hewa ikitoka upesi kuliko inavyopasa bomba hujikunja kama mrija, na kazi ya mwezi ikaharibika kwa nukta chache. Likishalala, wazamiaji hushuka kukaza viungo kwa vidole, kwa kuwa karibu na mlango wa bandari maji huwa na tope kiasi kwamba mtu huona kwa mikono.

Hatari ya kazi hiyo si hadithi. Mji wa Boston, kule Marekani, ambao bandari yake ilikuwa imenajisika kwa karne na zaidi, ulichimba njia chini ya sakafu ya bahari kwa urefu wa kiasi cha kilomita 15 ili kuyapeleka mbali majitaka yaliyokwisha kusafishwa. Na mwaka 1999, njia yenyewe ikiwa imekamilika, walitumwa wazamiaji mpaka mwisho wake, mahali pasipo na hewa wala taa, kwenda kuondoa vizibo vya usalama vilivyobaki, na wawili kati yao hawakurudi hai. Njia ilifunguliwa mwaka 2000. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mlinzi wa ndiva, ambaye naye kazi yake ni kuzibua, na ambaye huruka pembeni kwa kuwa pembeni pana mahali pa kurukia.

London ilitangulia kufundishwa, na ilifundishwa kwa uchungu. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wakakimbia vyumba vyao, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini, akayachukua majitaka yote na kuyamwaga mtoni upande wa mashariki, mbali na mji. Mji ukapumua, ukadhani jambo limekwisha. Septemba 1878 meli ya abiria iliyoitwa Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na hapo hapo majitaka yalipokuwa yakimwagwa, na watu zaidi ya 600 wakafa, wengine wakiwa wamezama katika maji ambayo hata mwogeleaji hodari asingeyavumilia. Baada ya msiba huo ndipo London ilipokiri kwamba kuupeleka uchafu mbali si kuusafisha, ikaanza kuyatenga matope na maji kabla ya kuyaachilia.

Sisi pia tuna historia yetu katika jambo hili, na imepita chini ya milima hii hii. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 na kuua maelfu kwa maelfu, daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko na akaandika kitabu juu yake, alikifuatia nyuma mpaka nchi ya Wamasai, kilikotoka kikafika Pangani pamoja na watu wa misafara, na kutoka Pangani kikavuka bahari. Njia hiyo ya misafara ilipita katika nyika iliyo miguuni pa Upare. Kipindupindu kilirudi Tanzania katika miaka ya 1970, na tena kwa nguvu mwaka 2015 kilipoanzia Dar es Salaam. Na kila kijapo hushika njia mbili tu, ya watu na ya maji, akiwa chini yule asiyejua kilichotendwa juu.

Hivyo narudi kwenye swali la ufukoni. Kosa la bomba la kale, kwa nadhari yangu, halikuwa chuma chake wala saruji yake, bali ni kwamba lilichorwa kana kwamba bahari ndiyo mwisho wa mfereji na kwamba baada ya bahari hapana mtu. Hasha! Hatua chache kutoka mlango wa bandari lipo soko la samaki la Feri, ambako kabla ya jua kuchomoza madau na mashua humwaga changu na vibua; maji yakikupwa, wako kina mama na watoto wanaotembea juu ya mwamba wakitafuta pweza na chaza, magoti yao yamo majini; na siku za sikukuu mji mzima humiminika ufukoni kuoga. Hao ndio watu wa chini. Isipokuwa, kinyume cha watu wa chini wa mfereji wetu, hao hawana njia ya kupanda juu na jembe, kwa sababu hawajui bomba liko wapi, wala linatoa nini, wala ni nani wa kumwendea.

DAWASA, ambayo ndiyo yenye dhamana ya maji ya Dar es Salaam, imekuwa na azma ya kujenga mtambo Jangwani ili majitaka ya katikati ya mji yasafishwe kabla hayajaiona bahari, na mtambo mwingine umekwenda kujengwa upande wa Mbezi Beach. Azma hiyo ni njema, kwa kuwa majitaka yaliyosafishwa yakitoka katika bomba lililovunjika hudhuru kidogo, na majitaka ghafi hudhuru hata katika bomba zima. Lakini mtambo nao huzeeka, na mashine zake hufa kimya kimya kama bomba lifavyo, ikiwa hapana wa kupiga ukelele. Kwa hiyo ningependa, siku bomba jipya litakapolazwa, mwisho wake uwekewe chelezo chenye rangi inayoonekana toka Feri, ili kila mvuvi ajue kwamba hapa ndipo. Na ningependa maji ya ufukoni yapimwe kila mwezi, na hesabu yake isomwe sokoni kama bei ya samaki isomwavyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kiungo kimoja cha bomba, na faida yake ni kuwarudishia watu wa chini sauti yao.

Nikaona vigumu, baada ya kuandika maneno haya, kuketi kibarazani kwangu bila kuyatazama ya kwangu. Nyuma ya nyumba yangu pana bafu la mabati ambalo maji yake ya sabuni yamekuwa yakichuruzika miaka kadha wa kadha katika mchirizi, na mchirizi, kwa kuwa mlima ni mlima, hauna pengine pa kwenda ila kwenye mfereji. Nikachimba shimo, nikalijaza mawe na changarawe, nikaugeuzia mchirizi huko. Kisha nikateremka kwa mama mmoja mtu mzima ambaye shamba lake la mahindi na tangawizi liko chini ya langu, kumwomba radhi kwa jambo ambalo nilidhani hakulijua.

"Nalijua siku nyingi, mwanangu," akaniambia, akinisogezea kigoda. "Nalikuwa nakungoja ushuke."